Suruali Iliyopauka Bado Ina Kazi

Msimu wa joto unapofika, hasa kwetu tunaoishi pwani, suruali nyepesi za pamba na kitani ndizo zinazovaliwa kila siku. Jua, jasho na sabuni huzimaliza haraka. Suruali iliyonunuliwa ikiwa na rangi nzuri ya kahawia inakuwa kama majivu, mapajani imepauka na magotini imelika. Baba haoni tena vizuri kwenda nayo kazini. Kabla ya kuifanya tambara la kupigia deki, tuishike na kuitazama. Mara nyingi kitambaa bado ni kizima, kilichokwisha ni rangi. Na rangi inaweza kurudishwa nyumbani.

Ijue nguo kwanza

Rangi za unga zinazouzwa katika pakiti ndogo hushika vizuri pamba na kitani. Poliesta hazishiki. Soma kibandiko kilicho ndani ya kiuno. Kama kimetoka, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uushike kwa kibanio cha chuma na kuuwasha juu ya sahani. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na majivu yake ni laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kifundo kigumu. Nguo yenye mchanganyiko itatoka na rangi hafifu. Na usishangae mishono ikibaki na rangi yake ya zamani, kwani uzi wa kushonea mara nyingi ni wa poliesta.

Kumbuka pia kwamba rangi mpya haifuti ya zamani, bali hujiongeza juu yake. Bluu juu ya njano huleta kijani, na nyekundu juu ya bluu huleta zambarau. Kwa suruali ya kahawia iliyopauka, chagua kahawia iliyokolea, bluu nzito au nyeusi. Doa la mafuta halifichwi na rangi, kwa hiyo liondoe kwanza kwa sabuni na maji ya moto.

Shona kabla ya kutia rangi

Kiraka kitokane na suruali hiyohiyo, kwa mfano ndani ya pindo. Kikitiwa rangi pamoja na nguo, hakitaonekana sana. Kama magoti yamekwisha kabisa, kata suruali iwe kaptula na uache sentimita 4 za kupinda. Vile vipande vya chini ya goti usivitupe. Huwa bado ni imara, na viwili hutosha kaptula ya mtoto mdogo. Vitie rangi siku moja na kaptula ya baba ili vyote vilingane.

Namna ya kufanya

1. Pima nguo ikiwa kavu. Suruali moja ya pamba ya mtu mzima huwa na uzito wa karibu nusu kilo. Kwa nusu kilo tumia maji lita 10, ili nguo izunguke bila kubanwa. Kiasi cha rangi na chumvi kimeandikwa kwenye pakiti, kifuate.

2. Fua nguo, suuza sabuni yote, na uiache ikiwa mbichi. Nguo kavu hunywa rangi kwa mabaka.

3. Koroga unga wa rangi katika kikombe cha maji ya moto mpaka usibaki na madonge. Mimina katika sufuria kuukuu isiyopikiwa tena chakula, kisha ongeza chumvi. Chumvi husaidia rangi kuingia katika pamba.

4. Tumbukiza nguo, weka moto wa wastani, maji yakaribie kuchemka. Geuza kwa kijiti bila kupumzika dakika 15 za mwanzo, kisha mara kwa mara hadi zitimie 40. Nguo ikiwa mbichi huonekana imekolea kuliko itakavyokuwa ikikauka.

5. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Igeuze ndani nje na uianike kivulini. Mara tatu za kwanza ifue peke yake.

Kwa akina mama wenye watoto wadogo

Hapa sisi wauguzi tunaomba tusikilizwe. Wapo wanaopenda rangi za batiki kwa sababu hazichuji upesi. Nyingi kati ya hizo huchanganywa na kostiki soda, na hiyo ni dawa inayochoma. Ni nyeupe, na kwa macho ya mtoto ni sukari au chumvi. Ikimezwa huunguza mdomo na koo, na koo likipona laweza kubaki jembamba, mtoto akashindwa kumeza hata uji.

Kwa hiyo, kwa kazi ya suruali ya nyumbani, rangi ya kawaida ya kuchemsha inatosha. Atakayetumia kostiki avae glavu za mpira, afanyie kazi nje, na aitie kostiki ndani ya maji baridi, asimimine maji juu ya kostiki. Asitumie sufuria ya aluminiamu, kwani kostiki huila na kutoa povu la moto. Na maji yaliyobaki yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa.

Ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 30, kisha nenda hospitali. Mtoto akimeza, usimtapishe, kwa sababu itamchoma mara ya pili ikipanda. Msukutue mdomo na umkimbize hospitali pamoja na pakiti yenyewe. Suruali hutiwa kiraka. Koo la mtoto halina kiraka.

Katika kikundi chetu cha akina mama tumeona kazi hii ni nyepesi ikifanywa kwa pamoja. Watatu au wanne wenye nguo za kutia rangi moja huchangia pakiti na mkaa. Mmoja achochee moto, mmoja ageuze nguo, mmoja asuuze. Na mmoja awe na kazi moja tu, kuwaangalia watoto mpaka sufuria ioshwe na kuhifadhiwa juu, mbali na mikono yao.