Jenereta nusura ituzikie binamu Bweranyange

MSOMAJI wangu, kuna watu wakiona jenereta inanguruma wanafikiri ni muziki tu na taa za kupendeza. Mimi siku hizi nikiisikia nageuka nyuma kuangalia imewekwa wapi. Ngoja nikupe mkasa mzima, maana kijana wa mjini hachelewi kwenda "kujirusha" porini na mashine ya kukodi, halafu arudi habari nyingine.

Binamu yangu anaishi Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Huyu bwana mdogo alichukua mkopo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa akanunua jenereta ya petroli, ile ya kilowati 5, ya kukodisha kwenye maharusi na misiba. Marejesho kila Ijumaa. Ukikosa, akina mama wa kikundi wanakuja nyumbani kukusalimia, na salamu zao wewe mwenyewe unazijua.

Siku moja akanipigia simu. "Kaka, nimepata dili babu kubwa. Kuna wageni wanakuja na matela ya kulala, matatu, wanavuta kwa magari. Wanatokea Kampala kupitia Mutukula. Watapiga kambi Bweranyange usiku mbili, wanataka umeme kila tela. Wewe si ulisoma umeme kabla kalamu haijakuteka? Njoo unisaidie."

Nikapanda basi.

KWA RUMANYIKA

Bweranyange si mahali pa mchezo. Hapo ndipo palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika hapo wakitafuta chanzo cha mto Nile, wakapokewa vizuri na mfalme Rumanyika. Speke hakuwa na haya, alichukua vipimo akaupima mwili wa shemeji wa mfalme kwa sababu mama yule alikuwa mnene wa kunyweshwa maziwa, kisha akaandika kitabuni. Leo angefanya hivyo angekiona cha mtema kuni. Mwenzake Grant mguu ulimsumbua, akaachwa hapo hadi Aprili 1862. Kwa hiyo habari ya wageni kupiga kambi huku haikuanza jana.

Siku hizi wapo wanaopita wakielekea Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019. Wengine wanataka kwanza waone ilipokuwa ikulu. Ndio hao wageni wetu.

Nilipofika jioni ya kwanza nilikuta kasheshe. Binamu alikuwa ametandaza eksitensheni moja ya kuzungusha, ile ya gurudumu, nusu ya waya ikiwa bado imeviringwa. Kwenye gurudumu kachomeka matela yote matatu. Mama mmoja kawasha birika la umeme, wa tela la pili naye kawasha lake, wa tatu anakausha nywele. Jenereta ikakohoa, ikazima. Ikawashwa, ikazima. Nikagusa gurudumu la waya, lilikuwa la moto kama chapati.

"Dogo," nikamwambia, "hapa huuzi umeme, unauza moto."

HESABU ZA FUNDI

Tukakaa chini tukapiga hesabu, nawe ipige kabla hujakodi mashine yoyote.

Kilowati 5 kwenye volti 230 ni kama ampia 21. Lakini hiyo ni namba ya kwenye kibati. Injini inavuta hewa, na ukipanda juu hewa inapungua. Kwa kila mita 300 za kupanda, jenereta hupoteza kama asilimia tatu na nusu ya nguvu zake. Nyanda za Karagwe ziko juu. Ukikadiria mita 1,500, umeshapoteza asilimia 17 na ushee. Unabaki na kilowati 4 na kidogo, yaani ampia 18 hivi.

Sasa birika moja tu la maji linakula wati 2,000, karibu ampia 9. Mabirika mawili yamemaliza kila kitu, na friji bado. Friji yenyewe ni mjanja: ikitembea inakula kidogo, wati 150 hivi, lakini pale inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo. Ndiyo maana unaisikia inagonga-gonga kama mtu aliyefungiwa nje.

Dawa ilikuwa rahisi. Nilimtuma binamu Kayanga kwa pikipiki akaleta boksi la swichi za kujikata. Kila tela tukalipa swichi yake ya ampia 6. Tatu mara sita ni 18. Tela likizidisha, linazima lenyewe, majirani wanaendelea kutanua. Mabirika, pasi na vikausha nywele tukavipiga marufuku. Maji ya chai yakachemshwa kwa gesi. Wageni walielewa bila longolongo.

Nyaya tukazikunjua zote. Waya ulioviringwa hauna pa kutolea joto, na joto likizidi ganda linayeyuka, kinachofuata ni shoti. Tukatumia waya wa milimita 2.5 za mraba, kila tela na wake, badala ya ule mwembamba wa taa za harusi. Waya mwembamba kwenye mita 40 unakula volti njiani, na friji inaumia ingawa taa zinawaka.

Halafu likaja lile ambalo mafundi wengi wa mtaani wanaliruka: ile swichi inayokata umeme ukivuja kupitia mwili wa mtu, ya miliampia 30. Watu wanaifunga kwenye jenereta ndogo wakadhani wamepona. Kumbe jenereta nyingi ndogo waya wake wa nyutro unaelea, haujaungwa na bodi ya mashine wala ardhi. Hapo swichi inaweza isione kitu hata kukiwa na hitilafu. Lazima nyutro iungwe na ardhi, mahali pamoja tu, kabla ya hiyo swichi, na nondo ya shaba ipigiliwe ardhini na kumwagiwa maji kama udongo ni mkavu. Kazi hii si ya kubahatisha, mwite fundi umeme mwenye kipimo. Nilipomaliza nikabonyeza kitufe cha majaribio, ikakata. Nikalala raha mustarehe.

Mashine tuliiweka mbali, zaidi ya mita sita kutoka tela la karibu, upande ambao upepo unatoka kambini, bomba la moshi likiangalia migombani. Kosa langu ni kwamba nilimwonyesha binamu pa kuiweka, sikumwambia kwa nini.

USIKU WA PILI

Saa tano usiku mvua ikashuka, mvua ya Kagera, haina hodi. Mimi nilikuwa nimelala ndani ya gari la wageni. Binamu alikuwa kwenye turubai pembeni ya tela la mwisho, hapo ndipo alipotandika godoro. Akaona mashine inalowa. Akawaza mkopo, akawaza hela ya usiku wa pili ambayo ingekatwa umeme ukizimika. Akaikokota ikiwa inawaka hadi chini ya turubai, akashusha pande zote mvua isiingie, akajifunika blanketi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa pale aliyekuwa akilinda kambi. Alinigongea kioo. "Mwanangu, ile mashine yenu mbona inanguruma ndani?"

Msomaji, sikuvaa hata viatu. Nilipofunua turubai moshi ulinipiga usoni. Binamu alikuwa amelala chali, namwita haitiki. Tukamkokota kwa miguu hadi kwenye mvua, mzee akarudi akafumba pua, akaizima mashine. Giza. Tukagonga lile tela, wageni wawili wakatoka wakilalamika vichwa vinauma. Wangelala saa nzima zaidi, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Binamu alifumbua macho, akatapika, akataka kusimama, miguu ikakataa. Tukamtia ndani ya gari la wageni mbio hadi kwenye matibabu, akawekewa hewa ya oksijeni mpaka asubuhi. Njia nzima nilikuwa nimempakata nikimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mwanaume mwenzangu.

Yule mzee alikuwa ameketi kiti cha mbele. Akasema kwa upole, "Huku kwetu baridi. Watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, asubuhi hawaamki. Mashine na jiko ni ndugu. Nilipoisikia iko ndani, nikajua."

Ndivyo ilivyo. Petroli au mkaa ukiungua hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Moshi unaounusa si huo unaoua, na unaoua hauunusi. Inashika damu mahali pa oksijeni, unapata usingizi mtamu, kichwa kizito, basi. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi.

TULICHOFANYA ASUBUHI

Kabla wageni hawajaondoka tulisimamisha miti minne, bati moja juu, pande zote wazi, mita kumi na zaidi kutoka kambini. Mashine chini yake, juu ya mawe, mvua haiigusi na moshi una pa kwenda. Gharama yake? Hata nusu ya hela ya petroli ya usiku mmoja haifiki. Petroli nayo tukaiweka kando, na kuongeza mafuta ni mpaka mashine izimwe na ipoe.

Wageni walilipa usiku zote mbili, pamoja na ule wa giza. Ijumaa binamu alipeleka marejesho, mkono bado unatetemeka. Akina mama wa kikundi walipomuuliza anaumwa nini, akawaambia malaria. Mwongo mkubwa!

Sasa amenunua king'ora kidogo cha betri kinacholia hewa hiyo ikijaa, na kila mteja wake anapewa somo kabla ya kupewa ufunguo. Juzi kanipigia: "Kaka, kuna send-off Jumamosi, bwana harusi anataka jenereta ikae sebuleni, eti nje itaibiwa."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia bora iibiwe."