Deni Likikushinda Lodwar au Kakuma: Ufilisi Bila Wakili

Mwendesha bodaboda wa Lodwar aliyechukua pikipiki kwa mkopo, akakopa kwa simu ili alipe pikipiki, kisha akakopa kwa simu ya pili ili alipe ya kwanza, hajioni kuwa mtu wa kutangazwa muflisi. Neno hilo kwake ni la wanasiasa na matajiri wa Nairobi waliopigiwa mnada majumba. Yeye anajua njia mbili tu: kubadilisha laini, au kuhamia Kitale mpaka mambo yapoe. Sheria ya Ufilisi, Nambari 18 ya mwaka 2015, iliyofuta sheria ya kikoloni ya mambo hayo, iliweka njia nyingine kwa ajili ya watu kama yeye hasa. Njia hiyo haipiti kwa jaji, na wakili si lazima.

Inaitwa utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Anayeuomba hapeleki kesi mahakamani. Anapeleka maombi kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia masuala ya ufilisi, ambaye ofisi yake iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Masharti yake ni machache lakini makali. Uwe huna mali inayoweza kuuzwa ikalipa deni. Uwe hujawahi kutangazwa muflisi wala kupitia utaratibu huu. Madeni yako yote kwa jumla yasipungue shilingi 100,000 wala yasizidi milioni 4. Na hali yako ionyeshe kweli kwamba huna uwezo wa kulipa. Ukikubaliwa, wadai wengi wanalazimika kusimama hapo hapo: hawawezi kuanza wala kuendeleza hatua za kukudai. Miezi 12 ikipita bila kasoro, deni linafutwa. Ni mara moja tu maishani, kwa hiyo asikushawishi mtu uutumie kwa deni ambalo mauzo ya mbuzi ya msimu mmoja yangelimaliza.

Kazi kubwa hapa si ya kisheria. Ni ya kuandika orodha: nani anakudai, kiasi gani, tangu lini, kwa mdhamini gani, na una nini. Fomu ni ya Kiingereza, na hapo ndipo mabroka wa nje ya ofisi wanapopatia riziki. Kama Kiingereza hukiwezi, tafuta mwanao aliyemaliza sekondari au msaidizi wa kisheria, mjaze pamoja, kisha usomewe kila mstari kwa Kiturkana au Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Unayeapa ni wewe, si aliyeshika kalamu. Maelezo ya uongo katika hati hiyo ni kosa la jinai.

Swali linalowakwamisha watu wa Turkana ni hili la mali. Sheria iliandikwa na watu wanaowaza nyumba, gari na akaunti ya benki. Sasa mtu wa Turkwel ajibu nini akiulizwa ana ardhi? Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii ni ya jamii, na ile ambayo haijasajiliwa serikali ya kaunti inaishika kwa amana, kama Katiba inavyosema katika kifungu cha 63. Mahali unapojenga manyatta yako hapawezi kuuzwa na dalali kwa deni lako, kwa sababu si pako peke yako. Hilo liandike wazi: naishi juu ya ardhi ya jamii, sina hati. Lakini kama ulinunua ploti mjini Lodwar na una barua ya kugawiwa, hiyo ni mali hata kama hujaweka jiwe moja juu yake.

Mifugo ndiyo inayoleta utata. Mtu husema kwa moyo mweupe kwamba hana kitu, na huku ana ngamia wawili katika adakar, yaani kambi ya wafugaji, ya kaka yake huko Loima. Hamdanganyi mtu, maana machoni pake ngamia hao ni wa ukoo, wamewekwa kwa ajili ya mahari ya mdogo wake. Mpokezi Rasmi atauliza swali tofauti: ukiamua leo wauzwe, watauzwa? Kama neno lako linatosha, ni mali yako, waandike. Kama kuuzwa kwao kunahitaji kauli ya baba au ya ndugu, andika hivyo pia, utaje idadi, walipo na nani mwenye kauli. Barua ya chifu inayoeleza hali hiyo si sharti la kisheria, lakini kwa afisa wa Nairobi ambaye hajawahi kuona zizi la Loima, inasaidia sana. Baya kuliko yote ni kuwaswaga mbuzi usiku kwa shemeji wiki moja kabla ya kuomba. Kuficha mali kunatosha kukufungia mlango, na mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa karibu na wakati wa ufilisi inaweza kurudishwa.

Kuhusu mifugo kuna kifungu kingine ambacho watu hukichanganya na ufilisi. Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai, kifungu cha 44, inakataza dalali kuchukua vitu fulani anapotekeleza hukumu ya kawaida ya deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, vifaa vya fundi. Kwa mkulima, inakinga pia mifugo ya thamani ya shilingi 10,000 za kwanza. Kwa bei za soko la mifugo Lodwar, hao ni mbuzi wachache sana. Aliyeweka kiwango hicho hakuwa akiwaza familia inayoishi kwa maziwa. Hata hivyo ni haki yako, na dalali akija mwambie.

Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, ina sura yake. Uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) uliotolewa mwaka 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 pale, nyingi zikiendeshwa na wakimbizi wenyewe, na biashara hizo hukaa juu ya daftari. Tangu mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kutoa sehemu ya msaada kupitia Bamba Chakula, pesa za simu zilizoweza kutumika kwa wenye maduka walioteuliwa tu, wateja walizoea kuchukua unga na mafuta kabla ya mwezi kufika na kuiacha laini kwa mwenye duka iwe dhamana. Deni la mteja likawa linashika msaada wa mwezi ujao, na deni la mwenye duka kwa muuzaji wa jumla likawa linashika wateja wote. Mgao ulipopunguzwa, mnyororo mzima ulikatika kuanzia chini.

Tuseme basi kuna mama mwenye duka Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, anayedaiwa laki nne na muuzaji wa jumla. Je, ni mtu asiye na mali? Rafu zikiwa na bidhaa, hapana. Na daftari lake? Wengi hawalihesabu, ilhali pesa anazodai kwa wateja ni mali yake kisheria, hata kama nusu ya majina ni ya watu waliohama kambi. Ataandika jumla yake, kisha kwa uaminifu ataeleza ni kiasi gani kinachoweza kukusanywa. Kama kilichobaki kukusanywa ni kidogo na rafu ni tupu, bado anaweza kuingia. Kama duka linatembea, utaratibu unaomfaa zaidi ni amri ya kulipa kwa awamu, ambayo pia hutolewa na Mpokezi Rasmi: wadai wanasimamishwa, naye analipa kidogo kidogo, lote au sehemu, chini ya msimamizi. Mimi ningemshauri mtu yeyote mwenye mapato ya kila wiki aanzie hapo. Kuna na mapatano ya hiari na wadai, lakini hayo yanataka mtaalamu wa ufilisi anayelipwa, na kwa deni la laki nne malipo yake yatakula kile wadai wangekipata.

Je, mkimbizi anaruhusiwa? Kinachotazamwa ni uhusiano wa mdaiwa na Kenya, yaani kuishi hapa au kufanya biashara hapa, wala si uraia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi wazi miongoni mwa wanaoweza kupewa msaada wa kisheria wa serikali, na shirika la Refugee Consortium of Kenya limekuwa likitoa ushauri wa sheria Kakuma. Waende huko kwanza wenye hati za utambulisho zilizokwisha muda, kwa sababu jina lililoandikwa kwa namna tatu tofauti katika kadi, laini na akaunti litachelewesha ombi kuliko deni lenyewe.

Mahakama inaingia pale mali ipo, au madeni yamepita milioni 4. Anayekumbwa na hili Lodwar mara nyingi ni mkandarasi aliyefanya kazi ya umma, akachukua mkopo wa benki kununua vifaa, kisha akangoja malipo miaka. Wengine walikopa kujiandaa kwa mafuta ya Lokichar, hesabu zikaharibika kazi za visima ziliposimama mwaka 2020. Hawa wanapeleka ombi la kutangazwa muflisi katika Mahakama Kuu. Mahakama ya Kakuma ni ya mahakimu, haina mamlaka hayo, kwa hiyo safari ni ya Lodwar, iliko Mahakama Kuu, takribani kilomita 120 kutoka Kakuma. Tangu Machi 2024 Idara ya Mahakama imeeneza uwasilishaji wa hati kwa mtandao nchi nzima, na sehemu ya safari hizo imepungua kwa mwenye simu nzuri na mtandao usiokatika.

Sheria inamruhusu mtu kujisimamia mahakamani bila wakili. Ombi la mdaiwa lina sababu moja tu: siwezi kulipa madeni yangu. Linaambatana na taarifa ya hali yako ya kifedha na hati ya kiapo, na lazima litangazwe gazetini. Gharama ya tangazo na ada huwashtua watu. Uliza kwenye dawati la masjala kabla ya kuandika chochote. Amri ikitolewa, mali inahama mikononi mwako kwenda kwa msimamizi wa ufilisi, ila vifaa vya kazi na vitu vya lazima vya nyumbani. Kuachiliwa huja miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni, kama hakuna aliyepinga. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa taarifa ikiwasilishwa, si deni likianza, na mtu anayeikalia taarifa anajirefushia kifungo mwenyewe. Katika kipindi hicho huruhusiwi kuendesha biashara bila idhini wala kuwa mkurugenzi wa kampuni, na Katiba inakuzuia kugombea ubunge au uwakilishi wa wadi.

Kinachonikera katika sheria hii ni kile kiwango cha chini. Mtu anayedaiwa 60,000 na kampuni nne za mikopo ya simu hafiki laki moja, na utaratibu wa asiye na mali haumpokei. Deni lake ni dogo mno kusamehewa na kubwa mno kulipwa na anayeuza makaa. Anachobaki nacho ni kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022, zinazowataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni na kuwakataza kutisha, kutukana, au kuwapigia simu watu walio kwenye orodha ya simu yako ili kukuaibisha. Hifadhi ujumbe wa matusi, ulalamike Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni halitaondoka, lakini simu za kumsumbua mama mkwe zitakoma. Na kama unadaiwa na benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba kuvuka kiasi cha deni la msingi lililokuwepo mkopo ulipoacha kulipwa. Omba taarifa ya mkopo, ukapige hesabu mwenyewe.

Jela nayo huogopwa kupita kiasi. Kifungo cha madai kipo, nacho hakizidi miezi 6. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, kabla hajawa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa kushindwa tu kulipa deni la mkataba kunakwenda kinyume cha mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Mahakama nyingine baadaye zimesema kifungo bado kinaweza kutumika kwa mwenye uwezo anayekataa kulipa kwa ujanja. Usipuuze wito wa mahakama kwa hofu. Fika, na uonyeshe ile orodha yako.

Yapo madeni yasiyofutika kwa njia yoyote kati ya hizi. Matunzo ya watoto yaliyoamriwa na mahakama yanaendelea, na pesa zilizopatikana kwa ulaghai haziponi. Mdhamini pia haponi. Wanawake wa chama waliotia sahihi ili upate mkopo wa sacco watadaiwa siku wewe unapokubaliwa, na akiba zao ndizo zitakazokatwa kwanza. Waambie kabla fomu haijaondoka Lodwar, na deni hilo lenye wadhamini uliweke juu kabisa katika orodha, ili wapate nafasi ya kujadiliana na sacco wenyewe mapema.