Hoteli ya Wenye Kalamu Chini ya Muhabura

Hoteli nyingi za Afrika ya Mashariki hujisifu kwa vitanda vyake, au kwa mapishi yake, au kwa wakubwa waliowahi kulala humo. Lakini iko moja katika mji wa Kisoro, kwenye pembe ile ya kusini-magharibi ya Uganda inayopakana na Kongo na Rwanda, ambayo sifa yake takriban yote imetokana na vitabu. Jina lake ni Travellers Rest, na aliyeitia uhai ni Mjerumani Walter Baumgärtel, aliyeishika mwaka 1955, akaishi nayo hadi mwaka 1969, kisha akaandika habari zake na za gorila wa milimani katika kitabu kiitwacho Up Among the Mountain Gorillas, kilichotoka mwaka 1976.

Sisi wakazi wa Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huisikia Kisoro ikitajwa kila siku, ila si kwa habari ya hoteli, na bei ya chumba chake si bei ya mtu aishiye kwa jembe na mgao. Nililala huko kwa hisani ya rafiki yangu, mzaliwa wa Rutshuru upande wa Kongo, aliyekaa Nakivale miaka kadhaa kabla ya kuhamishiwa Marekani, naye aliporudi kututembelea alitamani kuiona tena milima ya kwao pasi na kuvuka mpaka, akaniambia, “Mwalimu, twende, hesabu ni juu yangu.”

Boda boda ilitutoa Rubondo katika vumbi lile tulijualo sote, tukaishika lami ya kwendea Mbarara, na kutoka Mbarara basi likatupitisha Ntungamo hadi Kabale. Nchi yote hiyo, kwa anayeipenda fasihi, ina heshima yake hata kabla ya kufika milimani, kwa sababu Wahima wa Ankole, wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu, wana mashairi ya kujisifu kwa vita na ya kuwasifu ng'ombe wao, ambayo yalikaa vinywani kwa vizazi kabla ya H. F. Morris kuyakusanya na kuyachapisha mwaka 1964. Amma baada ya Kabale barabara hupanda na kujipinda juu ya ziwa Bunyonyi, kati ya vilima vilivyokatwa matuta toka chini hadi kileleni, mpaka ufike Kanaba, ambapo ghafla ardhi inafunguka na volkano zinasimama mbele yako: Muhabura wenye mita 4,127, Mgahinga ulio mfupi kuliko nduguze, na Sabinyo wenye vilele vilivyochongoka kama meno ya mzee, ambao juu yake mipaka ya nchi tatu hukutana. Rafiki yangu, ambaye utoto wake wote aliitazama milima hiyo kwa upande wa pili, alinyamaza mpaka tukaingia mjini.

Nyumba yenyewe si ya ghorofa wala ya vioo. Ni nyumba ya chini, ndani ya bustani yenye miti mikubwa na ndege wengi, na uzuri wake ni uzuri wa staha, wa kitu kilichotunzwa kwa muda mrefu na watu wasiokuwa na pupa ya kukibadili. Kisoro ni nchi ya baridi kwa sisi tuliozoea joto la ziwa Nakivale, kwa hiyo jioni wageni hukusanyika mbele ya moto wa kuni, na mhudumu, kijana wa Kifumbira mwenye Kiswahili chepesi, huja na birika la chai na kutuuliza kwa adabu, “Wazee, niongeze kuni?” Tuliporudi chumbani rafiki yangu alifunua blanketi akakuta kitu cha mpira, kinene na cha moto, kimelala katikati ya kitanda, akarudi nyuma, akaita, akidhani mgeni aliyetangulia amesahau mzigo wake. Kumbe ni mfuko wa mpira uliojazwa maji ya moto ili kumpasha mgeni miguu, desturi ya nyumba za milimani huku. Alicheka mwenyewe kuliko nilivyomcheka mimi, na asubuhi aliuliza unauzwa wapi.

Chakula ni kizuri bila ya kuwa cha ajabu, na viazi ulaya vya Kisoro vina ladha ambayo vya sokoni kwetu havina. Lakini anayekwenda pale kwa ajili ya viazi amepotea njia. Kinachomvuta mtu ni ile silsila ya waandishi na wanazuoni waliokaa kwenye baraza hiyo. Baumgärtel ndiye aliyewaandikia wataalamu kuwaomba waje wawachunguze gorila wa mlimani Muhabura. Mwaka 1956 akaja Rosalie Osborn, mwaka 1957 akaja Jill Donisthorpe, wakafuata Wajapani, na mwaka 1959 akaja George Schaller, ambaye kitabu chake cha mwaka 1963 kiliwatoa wanyama hao katika ngano za kutisha na kuwaingiza katika elimu. Wote hao, kwa njia moja au nyingine, walipandishwa na elimu ya wenyeji, na hodari wao alikuwa Reuben Rwanzagire, mfuata nyayo aliyeweza kusoma jani lililokunjika kama mwingine asomavyo barua. Yeye hakuacha kitabu. Tunamjua kwa kuwa wageni walimtaja.

Mgeni mashuhuri kuliko wote ni Mmarekani Dian Fossey. Alifika mara ya kwanza mwaka 1963 akiwa mtalii tu, akarudi mwanzoni mwa mwaka 1967 na kupiga hema lake Kabara, kando ya mlima Mikeno, upande wa Kongo, ili awachunguze gorila. Mwezi wa Julai mwaka ule Kongo ilichafuka, askari wakamteremsha mlimani na kumweka Rumangabo, katika wilaya ile ile ya Rutshuru alikozaliwa rafiki yangu. Naye akatumia hila, akawaambia kuwa gari lake lina mambo ya karatasi ambayo hayana budi kutengenezwa Uganda, wakakubali kumsindikiza, akawaleta moja kwa moja hadi hotelini kwa Baumgärtel, ambako askari wa Uganda waliitwa wakawakamata wasindikizaji. Mwezi wa Septemba alianza upya upande wa Rwanda, mahali alipopaita Karisoke, na huko ndiko alikouawa Desemba 1985, baada ya kitabu chake, Gorillas in the Mist, kutoka mwaka 1983. Picha yake ipo hotelini, na watalii hupigwa picha karibu nayo.

Nimeirefusha habari hii makusudi. Minghairi ya gari na pasipoti, bibi huyu aliingia Kisoro kama walivyoingia majirani zangu wengi wa Rubondo: akitokea Rutshuru, akikimbia watu wenye bunduki, akitafuta mlango ulio wazi. Hakuwa wa kwanza kuupata mlango huo, kwani mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru na majeshi yake yakaasi, Wabelgiji walivuka kwa wingi wakapita Kisoro na familia zao, na hoteli ikawapokea.

Rafiki yangu naye alivuka mpaka hapo Bunagana mwaka 2008. Lakini alipelekwa Nyakabande, kituo cha kuwapokea wakimbizi kilichopo jirani ya mji, akalala chini ya turubai, akaandikishwa, kisha akapakiwa basi kuja Nakivale. Na wengine maelfu walifuata njia hiyo hiyo mwaka 2022, vita vilipoanza tena na Bunagana ikatekwa mwezi wa Juni. Tulipokuwa bustanini alinionyesha kwa kidole upande kilipo kituo, akasema, “Mwalimu, usiku ule niliuona mlima huu huu, nikadhani umenifuata.” Nilimsihi aliandike neno hilo. Akajibu kwamba yeye si mwandishi.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wetu. Baumgärtel hakuwa mwandishi, alikuwa mwenye hoteli. Na Fossey alikuwa mtumishi wa hospitali ya watoto kabla ya kuwa mtaalamu wa gorila. Wala isisemwe kuwa Kiswahili hakikuzoea mizigo ya namna hii, ilhali Tippu Tip, ambaye biashara yake ilimfikisha ndani kabisa ya Kongo, alijiandikia tarikhi ya maisha yake kwa Kiswahili, ikachapwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Milima hii ya Virunga imeandikwa na waliokuja kuitazama, na walioandika wamestahili sifa yao. Lakini waliolala kwenye mashina yake, waliolima mawe yake ya volkano na kuikimbia usiku wakiwa na watoto migongoni, bado kitabu chao hakijaonekana, na wengi wao wanaishi hapa hapa Nakivale, kati ya Rubondo na Juru, na baadhi ni wazee sana.

Basi anayeweza kulipa na alale Travellers Rest, maana ni nyumba njema na majilisi yake ya jioni yana thamani. Asiyeweza, anunue daftari la kurasa 96 katika duka lolote la Mbarara, akae na mama yake au babu yake wakati huu wa mavuno kupungua, aandike jina la kijiji walichotoka, mwaka na mwezi waliovuka, na jina la aliyewapa maji njiani. Sarufi na nukta ataziweka mhariri.