Ureno, Nchi ya Waliozoea Kuondoka

Mtu wa pwani yetu anapokwenda Ureno hubeba picha aliyopewa na historia. Ameiona Ngome ya Yesu pale Mombasa, ameiona nguzo ya Vasco da Gama Malindi, amefundishwa shuleni jinsi meli za Francisco de Almeida zilivyoivamia Kilwa mwaka 1505 kisha zikaichoma Mombasa. Anatarajia kulikuta taifa la mabavu. Anaikuta nchi ndogo, tulivu, yenye kilomita za mraba zipatazo 92,000, yaani kama sehemu moja ya kumi ya Tanzania, na watu wapatao milioni 10 na nusu, imejibanza ukingoni mwa Ulaya, Hispania mgongoni na Atlantiki usoni. Kwa karne tano wenyeji wake wamekuwa wakiondoka. Niliizunguka Ureno nikiwa kijana, na hadi leo sijapata njia nyingine ya kuieleza: ukiuliza kwa nini kitu fulani kiko pale, liwe kanisa, wimbo, samaki mezani au nyumba iliyofungwa madirisha mwaka mzima, jibu huishia kwenye safari ya mtu aliyetoka kwao.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2012. Nilikuwa mwanafunzi Köln, Ujerumani, na nilisafiri peke yangu na begi la mgongoni. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen anaruhusiwa kuzitembelea nyingine hadi siku 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwangu. Anayetokea Dar es Salaam au Nairobi ana kibarua kizito zaidi kabla hata hajafunga begi: taarifa za benki, uthibitisho wa malazi, tiketi ya kurudi, bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na bado ubalozi unaweza kumkatalia. Kijana wa Ulaya huamka tu akaenda stesheni. Tofauti hiyo iliniuma wakati ule na inaniuma sasa, maana hakuna shule kama kuizunguka nchi ya watu peke yako ukiwa bado una miguu ya kutembea kutwa nzima na tumbo linaloridhika na mkate na jibini.

Siku hizo kulikuwa na treni ya usiku, Sud Express, iliyotoka mpakani mwa Ufaransa na Hispania hadi Lisbon. Ilisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona. Mwezi wa Agosti treni ile ilikuwa ikijaa Wareno wanaoishi ughaibuni, wakirudi kwao likizo na masanduku yaliyofungwa kamba. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi kiwandani Ujerumani kwa miaka mingi, kwa hiyo tuliongea Kijerumani. Alipojua ninaishi Köln alicheka kwa furaha. Pale Köln, stesheni ya Deutz, ndipo mwaka 1964 Mreno aitwaye Armando Rodrigues de Sá alipopokewa kwa bendi na kupewa zawadi ya pikipiki, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mfanyakazi mgeni wa milioni moja kuingia Ujerumani. Kila Mreno wa huko anakijua kisa hicho.

Yule mama ndiye aliyenieleza habari ya picha zilizochanwa. Miaka ya 1960 serikali ya dikteta Salazar haikuwaachia watu waondoke kirahisi, hasa vijana wa kiume waliotakiwa jeshini. Waliotaka kwenda Ufaransa walivushwa kwa magendo, usiku, kwa miguu, wakipita milima ya Hispania hadi Pirenei. Malipo yalikuwa makubwa na wavushaji wengine walikuwa matapeli. Basi msafiri alichana picha yake vipande viwili, kimoja akaiachia familia, kingine akaenda nacho. Akifika salama alikituma kile kipande nyumbani kwa posta. Vipande vikioana, mvushaji analipwa fedha iliyobaki. Kaka yake mkubwa alipita njia hiyo. Picha, alisema, bado iko kwa mama yao, imegandishwa pamoja kwa gundi iliyogeuka rangi ya chai.

Zaidi ya watu milioni moja waliondoka Ureno kati ya mwaka 1960 na 1974. Umaskini uliwasukuma, na vita vya makoloni pia, vita ambavyo msomaji wa Tanzania anavifahamu kwa upande wa pili. Angola ilianza kupigana mwaka 1961, Guinea-Bissau 1963, Msumbiji 1964. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Ureno ilivipigana vita hivyo vitatu kwa vijana wa vijijini wasiojua Nampula iko wapi, hadi maafisa wake wadogo, makapteni waliokuwa wamechoka kuwazika askari wao, wakaipindua serikali tarehe 25 Aprili 1974. Raia walijitokeza mitaani wakachomeka maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Daraja refu jekundu la Lisbon lililofunguliwa mwaka 1966 kwa jina la Salazar sasa linaitwa 25 de Abril. Nilisimama chini yake nikawaza kwamba uhuru wa Mreno nao una deni kwa wale vijana wa Nachingwea. Wareno kadhaa wa umri wa wazazi wangu niliowaambia hivyo walikubali bila kusita.

Lisbon imekaa juu ya vilima, na usafiri wake mzuri ni miguu. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, wakati makanisa yamejaa, tetemeko liliuangusha mji, bahari ikapanda, na moto ukamalizia kilichobaki. Waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, alijenga upya sehemu ya chini, Baixa, kwa mitaa iliyonyooka na nyumba zenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili ziweze kuyumba bila kuanguka. Alfama, mtaa wa zamani uliokalia mwamba, ulinusurika kwa sehemu kubwa, na ukiingia mle unaona asili yake ya Kiislamu katika vichochoro: vyembamba, vya kupinda, ngazi juu ya ngazi, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako. Mzanzibari aliyekulia Mji Mkongwe hatahitaji ramani. Jioni husikika fado, nyimbo za huzuni zinazoimbwa kwa gitaa, na nyingi zina mtu aliye mbali.

Watalii hukimbilia mtaa wa Belém kuiona Monasteri ya Jerónimos, na wana haki. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa sehemu ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki. Kuta zake zimechongwa kamba za meli na matumbawe, na humo ndani amelala Vasco da Gama kwenye kaburi la mawe. Lakini mimi nawashauri Waswahili waende kwanza Museu Nacional de Arte Antiga, kwenye mtaa wa Janelas Verdes, kilimani juu ya bandari. Huko kuna kabati la kioo lenye monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi, kinachojulikana kama Custódia de Belém. Kimefanyizwa na sonara Gil Vicente. Maandishi yaliyozunguka kitako chake yanasema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Nilikizunguka chombo kile mara nyingi hadi mlinzi akaanza kunifuatilia kwa macho. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake, kanzu zao zimetiwa rangi ya enameli. Chini kuna ndege na maua madogo kiasi kwamba ni lazima uinamie kioo. Ni kazi ya mkono iliyo nzuri kupita kiasi, na uzuri huo unafanya moyo uwe mzito. Sultani wa Kilwa aliitoa dhahabu hiyo mwaka 1502, chini ya mizinga ya Vasco da Gama aliyekuja kwa safari yake ya pili. Nayo ilikuwa imetoka mbali, bara ya Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa waliotawala biashara hiyo kwa vizazi. Magofu ya Kilwa Kisiwani tunayatunza sisi. Dhahabu yake iko pale, inang'aa, na watoto wa shule wa Lisbon hupitishwa mbele yake. Natamani watoto wa Kilwa Masoko nao wapitishwe.

Kusini, kwenye mji wa pwani wa Lagos, kuna jambo linalotangulia hata hilo. Tarehe 8 Agosti 1444 waliteremshwa hapo Waafrika 235 waliotekwa pwani ya magharibi, wakagawanywa uwanjani mbele ya watu, mama huku, mtoto kule, huku Mwanamfalme Henrique akiwa juu ya farasi akingoja fungu lake la sehemu moja ya tano. Mwandishi wa mambo ya mfalme, Zurara, ndiye aliyeandika, na hata yeye vilio vile vilimshinda kuvinyamazia. Mwaka 2009 wajenzi wa maegesho ya magari nje ya ukuta wa mji walifukua mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 katika lililokuwa jalala. Nilipofika, watalii wengi walikuwa ufukweni. Ni ufukwe mzuri kweli.

Kati ya Lisbon na Algarve, ile pwani ya kusini, kuna Alentejo, tambarare yenye joto kali, na hapo ndipo nilipokaa zaidi ya nilivyopanga. Ni nchi ya mialoni inayotoa magome ya kutengenezea vizibo vya chupa. Karibu nusu ya vizibo vya dunia hutoka Ureno. Mti hungojwa kama miaka 25 kabla ya kubanduliwa mara ya kwanza, halafu ni kila baada ya miaka tisa. Wanaume wawili wawili hufanya kazi hiyo kwa shoka: mmoja anapiga, anasikiliza mlio wa ubao, anazungusha mpini, na gome linaachia zima kama ganda la mhogo. Shina hubaki jekundu, limelowa. Kisha huandikwa tarakimu moja kwa rangi nyeupe, tarakimu ya mwisho ya mwaka ule, ili anayekuja ajue zamu yake. Kuukata mti wenyewe bila kibali ni kosa kisheria. Apandaye mwaloni hupanda kwa ajili ya wajukuu, na wajukuu wa Alentejo wengi walikuwa Lyon na Luxembourg.

Chakula hakina matata. Mikahawa midogo huuza mlo wa siku kwa bei nafuu, supu, samaki au nyama, kahawa. Samaki mwenyewe ni bacalhau, aliyekaushwa kwa chumvi, anaponuka dukani unafikiri uko Darajani, Zanzibar, kwenye ng'onda. Hapatikani kabisa katika maji ya Ureno. Wavuvi walimfuata hadi Newfoundland, na sasa mwingi hununuliwa Norwei.

Kaskazini nilipita haraka: Coimbra na chuo kikuu chake cha tangu 1290, ambako maktaba ina popo wanaoachwa wale wadudu wanaoharibu vitabu, kisha Porto na stesheni ya São Bento iliyopambwa kwa vigae vya buluu vipatavyo 20,000.

Jioni moja Lisbon, kwenye uwanja wa São Domingos karibu na Rossio, mahali Waafrika wanapokusanyika kupiga soga na kuuza njugu, kijana mmoja alinisikia nikiongea na simu. Alisubiri nikamaliza, akasema, "Kaka, wewe watoka wapi?" Yeye alitoka Pemba, ile ya Cabo Delgado huko Msumbiji, na lugha yake ya nyumbani ni Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Tuliongea hadi taa zikazimwa, yeye Kimwani, mimi Kiswahili, mara chache tukiombana turudie. Mwaka huo wa mgogoro wa uchumi Wareno waliosoma naye darasa moja walikuwa wakitafuta kazi Luanda na Maputo.

Leo mambo yamegeuka. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 wageni wakaazi nchini humo walikuwa wamezidi milioni moja, Wabrazili wakiongoza, na Wanepali wanavuna matunda Odemira. Kodi za nyumba Lisbon zimewashinda wazaliwa wa Alfama, na vyumba vyao hukodishwa kwa watalii usiku kwa usiku. Kijana anayetaka kwenda atafute kitanda hosteli za miji midogo, Évora au Beja, apande mabasi ya Alentejo, na Lisbon aingie mapema asubuhi, apande kilima cha Janelas Verdes, aulize ilipo dhahabu ya Kilwa.