Bolti za viwandani: Bei ndogo yaweza kula mtaji

KATIKA maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, bolti yoyote inayong'aa huuzwa kuwa haishiki kutu. Hasara ya wanunuzi wengi huanzia hapo, hasa wenye viwanda vya pwani, mashamba ya chumvi na mitambo ya kusindika samaki.

Bolti ni kitu kidogo katika gharama za kiwanda, lakini ndiyo inayoshika paa, tangi, bomba na mashine. Ikiliwa na kutu, kinachoharibika ni mali yenye thamani mara nyingi zaidi. Kwa mwenye duka, mteja aliyeuziwa bolti isiyofaa hurudi mara moja tu, kulalamika.

Aina tatu sokoni

Ya kwanza ni bolti ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki kwa umeme. Hung'aa sana na ndiyo ya bei ndogo. Zinki yake mara nyingi huwa na unene wa mikroni 5 hadi 8 tu. Mikroni 1,000 ni sawa na milimita moja.

Ya pili ni bolti iliyochovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Rangi yake ni ya kijivu na uso wake umefifia, kwa hiyo mnunuzi asiyejua huikataa. Kiwango cha ISO 10684 kinataka zinki yake iwe na unene wa wastani wa angalau mikroni 50.

Ya tatu ni ya chuma kisichoshika kutu, yenye madaraja mawili yanayouzwa zaidi. Daraja A2 lina kromi kiasi cha asilimia 18 na nikeli asilimia 8 au zaidi kidogo. Daraja A4 huongezewa madini ya molibdeni asilimia 2 hadi 3, ambayo huipa nguvu zaidi ya kustahimili chumvi.

Hesabu ya miaka

Kiwango cha ISO 9223 hugawa mazingira kwa kasi ya kutu. Katika daraja C3, ambalo ni la wastani, zinki hupungua mikroni 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka. Katika C5, la pwani zenye chumvi nyingi na viwanda vyenye hewa kali, hupungua mikroni 4.2 hadi 8.4.

Kwa hesabu hiyo, zinki ya umeme katika C5 humalizika ndani ya miaka miwili. Zinki ya kuchovya hudumu miaka 6 hadi 12.

Chukua mfano wa bolti ya A4 inayouzwa mara tano ya bei ya ile ya zinki ya umeme. Ikiwa ya zinki itabadilishwa kila baada ya miaka miwili, katika miaka 10 mwenye kiwanda atakuwa ametoa fedha zilezile. Hapo hajahesabu malipo ya mafundi wala siku ambazo mashine ilisimama.

Si pwani pekee

Umbali kutoka baharini si kipimo cha kutosha. Viwanda vya samaki vya Mwanza viko kando ya maji baridi, lakini usafi wa viwanda vya aina hiyo hutegemea dawa zenye klorini, ambayo hushambulia chuma kama chumvi inavyofanya. Viwanda vya ngozi navyo hupokea ngozi mbichi zilizohifadhiwa kwa chumvi. Sehemu za namna hii zinahitaji A4, hata kama bahari iko mbali.

Hata hivyo, chuma kisichoshika kutu nacho kina mipaka. Mwaka 1985, huko Uster nchini Uswisi, dari ya zege ya bwawa la kuogelea la ndani ilianguka na kuua watu 12. Vyuma vilivyoishikilia vilikuwa vya aina isiyoshika kutu, lakini vilipasuka kutokana na klorini iliyomo hewani na uzito viliobeba. Kwa kazi ya kuning'iniza mzigo mahali penye klorini, ushauri wa mhandisi hauepukiki.

Wala nguvu kubwa si kinga. Machi 2013, bolti 32 kati ya 96 za nanga katika daraja jipya la Bay Bridge, San Francisco, Marekani, zilikatika baada ya kukazwa. Zilikuwa za nguvu kubwa na zimechovywa zinki, lakini haidrojeni ilikuwa imezifanya ziwe rahisi kuvunjika. Mnunuzi asidhani kwamba 10.9 lazima iwe bora kuliko 8.8 kila mahali.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi asome kichwa cha bolti. Alama A2-70 au A4-80 huonyesha daraja la chuma na nguvu yake; alama 8.8 ni ya chuma cha kawaida, hata king'ae vipi. Sumaku haiwezi kutofautisha A2 na A4, kwa hiyo kwa shehena kubwa ni lazima kudai cheti cha kiwanda chenye vipimo vya madini.

Bolti, nati na washa zinunuliwe za aina moja. Nati ya kawaida huenda isiingie kwenye bolti iliyochovywa, kwa sababu zinki imeongeza unene wa meno. Bolti ndogo ya zinki ikifungwa kwenye bamba kubwa la chuma kisichoshika kutu huliwa haraka. Nati za A2 na A4 zipakwe grisi maalumu, kwani zikikazwa kavu kwa kasi hugandana na bolti.

Wauzaji wa jumla nao waangalie soko la nikeli. Tarehe 8 Machi 2022 bei yake katika soko la metali la London ilipita dola 100,000 kwa tani, biashara ikasimamishwa na mauzo ya siku hiyo kufutwa. Anayempa mteja bei ya A2 au A4 aandike ukomo wa siku za bei hiyo. Asipofanya hivyo, faida ya shehena nzima inaweza kupotea kabla mzigo haujafika bandarini.