Diski Zihame, Sauti Zibaki

Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Mwaka 1995 Radio Kwizera ikaanzishwa kwa ajili yao. Leo mwandishi wa Ngara au Biharamulo akirekodi wazee walioyaona hayo, sauti hukaa kwenye diski za kompyuta nyumbani. Diski zikibanana huchemka, na joto huzifupishia maisha. Dawa ni kuzihamishia kisanduku cha nje chenye feni na umeme wake. Nakili kwanza kila kitu kwingine. Wengi huruka hatua hii, sijui kwa nini, kana kwamba kisanduku ndiyo nakala. Zima kompyuta, zipe diski namba, usiziangushe. Washa kisanduku kwanza, kompyuta baadaye. Kompyuta ikiomba kufomati diski, yaani kuifuta ianze upya, kataa! Irudishe ilikotoka, sauti za wazee bado zimo.