UKIITWA KUWAELEZA WENZAKO

Ndugu msomaji, kijiji kimekuomba uwaeleze wenzako jinsi ya kuhifadhi mahindi. Usiogope. Lakini usiende mikono mitupu.

Mwaka mmoja nilizungumza juu ya jambo hili muda wa saa mbili. Nilieleza kuvu, wadudu, maghala na bei. Watu walipiga makofi. Kisha mama mmoja mzee akanyoosha mkono. Akasema, "Ahsante mwanangu. Sasa nikifika nyumbani nianze na lipi?" Nilikosa jibu. Maneno yalikuwa mengi, kazi haikuonekana.

Tangu siku hiyo nafuata mambo manne.

1. Chagua jambo moja tu. Kwa mfano: mahindi yasiyokauka yasiwekwe ghalani. Toa na sababu. Mahindi yenye maji huota kuvu, na kuvu nyingine huleta sumu iitwayo sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo hili si jambo la mchezo.

2. Jaribu kwanza nyumbani. Mambo yakikushinda mbele ya watu, nani atakuamini?

3. Onyesha, usiseme tu. Chukua chupa mbili kavu za kioo zenye vifuniko. Moja tia mahindi makavu, nyingine mahindi ambayo hayajakauka. Kila chupa tia chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa dakika chache, kisha acha robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yaanikwe tena. Isipogandia, yamekauka. Pitisha chupa mkono kwa mkono, hata walioketi nyuma waone.

4. Sema kwa kifupi, uache nafasi ya maswali. Usipojua jibu, sema, "Hili sijui, nitamwuliza Bwana Shamba." Hiyo si aibu. Aibu ni kumdanganya mwenzako, akapoteza chakula cha watoto wake.

Mwisho, mwombe mmoja wao aje mbele, arudie kazi ile ya chupa kwa mikono yake. Akiweza, umefundisha. Akishindwa, usimcheke. Kosa ni lako wewe uliyeeleza. Anza tena, polepole.